Uwanja Uliofagiliwa

Adelphi, Marekani, Ijumaa, 16 Oktoba 1998

Mdomo wangu umeniponza tena. Kesho nilikuwa nilale mpaka adhuhuri. Sasa nitakuwa shimoni.

Tunachimba kutafuta mabaki ya kale walikokaa watumwa, nyuma ya jumba moja la kale, kabla wajenzi hawajamwaga zege Jumatatu. Leo bosi wetu Denise, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, alitazama kipande cha mwisho cha ardhi, udongo mgumu usio na hata kigae cha chungu, akaandika: hakuna kitu.

Ningenyamaza tu, tungekwenda zetu nyumbani.

"Dada, vigae vyote viko pembeni. Hapa katikati palikuwa pakifagiliwa. Uwanja wa mama yangu uko hivi hivi."

"Una hakika, ndugu Athumani?"

"Ufagio nilishika mimi. Siku niliyozembea, fimbo ikanishika."

Alicheka. Akafuta alichoandika, akampigia mjenzi simu, akabembeleza. Tumepewa kesho tu.

Mgongo unawaka moto. Sijui hata kama siku moja itatosha.

Namfikiria huyo mwenye ufagio. Jina lake hatutalipata. Alifagia vizuri mno, hata nusura tuandike kwamba hakuwepo.