Kichwa cha Kwenye Bendera

Bowie, Maryland
14 Novemba 1998

Kaka yangu Gervas,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama Fidelis, na kwamba magoti bado yanakufikisha kanisani. Mimi nipo, ila figo zimechoka. Daktari amemwambia binti yangu Leokadia asipange mambo kupita Krismasi.

Utaukumbuka ule mji mdogo wa Ujerumani tuliopelekwa kusomea ualimu mwaka 1962. Bendera yake ilikuwa ya njano, na katikati nembo ya mji: kichwa cha mtu mweusi mwenye hereni, kimekatwa shingoni. Paroko alisema ni mtakatifu, tujivunie. Siku ya sikukuu yao wakatusimamisha chini yake tupigwe picha, na muuza soseji akapaza sauti kwamba jamaa wawili wameshuka kutoka kwenye bendera, nani atawarudisha? Ulicheka, ukamwambia utapanda mwenyewe akikupa soseji mbili. Mimi sikucheka.

Kesho yake uliikuta bendera nyuma ya bweni, ina tundu katikati. Mtoto wa fundi cherehani, hukuweza kuiacha. Ukakaa ngazini kuitia kiraka, na hivyo ndivyo walivyokukuta, sindano mkononi. Walisema mwizi anaficha kosa lake. Wakakurudisha nyumbani bila cheti, ukaishia kushona sare za shule ambayo mimi nilikuja kuwa mwalimu mkuu wake.

Hapa asubuhi wote wakishaondoka na magari yao kwenda kazini, nyumba hunyamaza, na kuna kitu hunitazama kutoka kwenye droo. Jeptoo, msichana wa Kenya anayenihudumia, alikiona akitafuta soksi. Akaniuliza, mzee, huyu ni braza yako? Mbona unamlaza kwa droo? Nikamjibu ndiyo, ni kaka yangu. Siku hizi ana uso wako, Gervas, hata lile kovu la kwenye nyusi.

Ni mimi niliyekikata, kwa wembe wangu wa kunyolea. Walipokutoa bwenini nilikuwa dirishani, kichwa kile kikiwa ndani ya shati langu. Ulinipungia mkono, ukaniambia nisome kwa bidii.

Nimekifunga humu pamoja na barua ya Kijerumani kwa meya, yenye jina langu kamili. Kuituma au kutoituma ni haki yako. Nimeshakitoa kwenye droo, kaka, lakini droo bado inanitazama.

Nisalimie mama Fidelis na watoto wote.

Ni mimi, niliyekuwa dirishani,
Anatoli