Nilikuambia Uzime Taa

Baba Zawadi, mume wangu,

Nakuandikia nikiwa Katonga, nimekaa kando ya vichanja vya dagaa. Jua kali leo, dagaa wanakauka wenyewe, nina nafasi. Darasa la nne halitoshi kuandika vizuri, lakini nitaandika. Barua hii haina pa kukufikia. Ziwa lilirudisha mtumbwi, wewe halikukurudisha. Basi naiacha wazi, asome anayetaka. Wanawake wenye waume majini wasome zaidi.

Mimi bado kibarua. Naanika dagaa wa watu, nageuza, nabeba ndoo. Watoto wanakula. Zawadi kanipita urefu.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu.

Unakumbuka tulivyokuwa tunapanga safari zako? Wenzako walipanga kwa kelele mwaloni, mitumbwi inapofungwa. Wewe ulipanga na mimi, nyumbani Rusimbi, vitu vimetandazwa kwenye mkeka. Siku nne majini, kusini huko kupita Sigunga, kufuata samaki wa migebuka, kwenye mtumbwi wa watu wawili, wewe na Issa. Mimi ndiye niliyegawa mafuta mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la tatu msiguse mpaka pabaya. Mimi ndiye niliyefunga simu yako ya kitochi kwenye mifuko miwili ya nailoni. Plagi ya akiba ya mashine ya mtumbwi, kopo la kuchotea maji, unga, dumu la maji ya kunywa. Boya la kuvaa nilikuvalisha mwenyewe nikalikaza kamba.

Ukacheka. "Mama Zawadi, nikivaa yote haya samaki watanicheka."

"Wakucheke. Vaa."

"Issa, umeona? Nimeoa askari."

Issa akasema, "Bora wewe una askari. Mimi wangu ananiuliza tu narudi na samaki wangapi."

Mwezi ule wezi wa mashine walikuwa wamezidi. Kuna watu walirudi wanapiga kasia tu, mashine imeng'olewa, mmoja kapasuliwa kichwa. Wakasimulia kwamba wezi huziona taa za wavuvi kutoka mbali, wanakuja. Wengine wanajifanya wanaomba maji ya kunywa. Nilisikia yale maneno huku nageuza dagaa. Usiku sikulala. Asubuhi nikakuambia, ukisikia mashine inakuja, zima taa zote, laleni chini, msijibu mtu. Ukasema sawa sawa. Nikasema si sawa sawa, apa. Ukaapa mbele ya Zawadi.

Ulikuwa mbishi, unajua mwenyewe. Nilikuambia uache sigara, hukuacha. Nilikuambia paa linavuja, lilivuja mwaka mzima. Hilo moja ndilo ulinitii.

Siku ya nne hukurudi. Siku ya tano mdogo wako Hamisi akaazima boti ya watu yenye mashine kubwa, akaenda kukutafuta. Alizunguka mchana na usiku. Alirudi macho mekundu, midomo imepasuka.

"Shemeji, nimepita kote. Giza tupu. Hata taa moja."

Jioni yake wavuvi wa dagaa wakamleta Issa. Walimkuta kakumbatia dumu tupu. Alipopata nguvu alikuja kwangu, akanisimulia mlangoni, hakutaka kuingia. Mashine ilizima siku ya tatu, maji yaliingia kwenye mafuta. Simu haikushika mtandao. Mkapeperushwa. Usiku wa tatu wa kupeperushwa, ule wa siku ya tano, mkasikia mashine.

"Nikamwambia tuwashe zote, tupige kelele," Issa akasema. "Akaniambia, Mama Zawadi kaniapisha. Akazima mwenyewe. Tukalala chini. Ilipita karibu, Mama Zawadi. Karibu kabisa. Ikaenda zake. Alfajiri upepo ukatupindua. Sikumwona tena."

Issa hakujua ile mashine ilikuwa ya nani. Mimi nilijua palepale. Yeye akaondoka, sasa analima Kasulu, ziwa hataki hata kulisikia. Nikabaki nalo peke yangu.

Nikanyamaza miaka miwili.

Usidhani ilikuwa rahisi. Hamisi aliacha uvuvi, akawa anabeba mizigo. Kila wakikaa watu wawili watatu anasema, "Kaka nilimpita mahali. Sijui wapi, ila nilimpita." Mkewe ananiambia halali, anakaa kitandani anaangalia ukuta. Na mama yako, siku ya dua yako, alimwambia mbele za watu, "Ulikwenda kumtafuta mwenzio au ulikwenda kutembea?" Watu wakaangalia chini. Mimi nilikuwa hatua tatu tu, nachambua mchele. Neno moja lingetosha. Nikaendelea kuchambua mchele.

Niliogopa. Niliogopa wataninyang'anya watoto, wataniambia nimekuua. Na si uongo.

Mwezi huu Hamisi akasema anarudi majini. Mizigo imemchosha mgongo, watoto wanahitaji kula. Kampata mwenzake, Bakari, yule jirani yetu mwenye mdomo. Siku nne, huko huko kusini. Wakaja kwangu.

"Shemeji, nipangie kama ulivyompangia kaka. Mwalo mzima wanajua safari zako zilikuwa zimepangika."

Nikatandika mkeka. Safari hii nikaongeza kitambaa cha kuchujia mafuta. Nikamwambia achuje kila anapomimina, hata kama muuzaji ni ndugu yake. Nikamuuliza watalala wapi usiku wa kwanza, ufukwe gani, nani huko anawajua. Akanijibu vizuri. Bakari anadakia kila kitu.

"Mama Zawadi, na mto wa kulalia hutupi?"

"Utalalia kasia."

Akacheka. Halafu akasema, "Lakini la muhimu hujasema. Tukisikia mashine usiku, taa tunazima, tunalala chini, kimya. Hakuna mjadala."

Hamisi akaitikia, "Hilo ndilo la kwanza kabisa."

Mkono wangu ulikuwa juu ya dumu. Nikauondoa.

"Bakari, toka nje kidogo."

"Ah, siri za ukoo zimeanza." Akatoka anapiga mluzi.

Nikasema, "Hamisi, kaka yako alikusikia."

"Alinisikia wapi?"

"Usiku ule. Ulipita karibu naye. Akadhani mwizi, akazima taa."

Akaniangalia kama sijasema Kiswahili.

"Nani kakwambia?"

"Issa."

"Na nani alimfundisha kaka kuzima?"

"Mimi. Nilimwapisha."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Issa alipoletwa."

"Miaka miwili."

"Miwili."

"Mama ananiita muuaji, na wewe umekaa palepale unachambua mchele."

"Ndiyo."

Nilitaka anipige. Hakunipiga. Aliweka boya chini polepole, akavaa kandambili, akapita mlangoni. Nikamsikia Bakari anamuuliza kuna nini.

Siku mbili sikumwona. Siku ya tatu nikasikia mwaloni kwamba safari iko palepale. Nikaona hawa wataenda na ile sheria yangu, na siku wakitafutwa watajificha kama wewe. Nikaenda kwake. Mkewe hakunikaribisha. Nikasemea mlangoni.

"Sikuja kuomba msamaha. Nimekuja kwa safari. Taa mzime, wezi wapo kweli. Lakini anayewatafuta atakuwa anazima mashine kila baada ya muda, anaita jina la mama yenu. Lile la Kiha, la utotoni, ambalo mwaloni hawalijui. Mwizi hawezi kulijua. Mkisikia mashine imenyamaza na jina linaitwa, washeni kila kitu mlicho nacho."

Alikuwa anashona wavu. Hakuinua macho.

"Rudia."

Nikarudia.

"Bakari atajulishwa," akasema. "Na mama nitamwambia. Yote."

"Mwambie."

Akamwambia. Sasa mama yako nikimpa shikamoo haitikii. Anageuza uso, anatema mate. Zawadi kaniuliza bibi ana nini. Nimemwambia naye pia, yote. Hajalia. Alikwenda kuchota maji, akakaa muda mrefu kisimani. Tangu hapo ananijibu kwa neno moja moja.

Waliondoka jioni, watu wamejaa. Hamisi akasimama kwenye mtumbwi akasema kwa sauti, "Siku ya nne, saa sita mchana, tusipoonekana, Mama Zawadi ndiye anayetoa taarifa. Na ndiye anayepanda boti ya kututafuta."

Bakari akasema, "Mwanamke kwenye boti ya kutafuta?"

"Ndiye. Wewe kaa, shika kasia."

Nikaingia majini mpaka magotini kumpa dumu la maji. Akanisogelea, akasema taratibu, "Sijakusamehe, shemeji. Ila najua wewe hutachelewa."

Leo ni siku ya tatu. Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia. Sasa upepo wa kusini umeanza, mawimbi yana mapovu. Simu zao hazipatikani. Mwenye boti nimeshaongea naye, mafuta yako tayari, nimeyachuja mwenyewe. Maji naogopa tangu nizaliwe, ulikuwa unanicheka kwa hilo. Sasa sina wa kumtuma.

Nina swali moja, Baba Zawadi. Ulipoizima ile taa, uliogopa wezi, au ulinitii tu? Kama uliogopa, mzigo wangu unapungua kidogo. Lakini Issa alisema ulitaja jina langu. Kila nikigeuza dagaa nalisikia. Sijui kama ulilitaja kwa hasira au kwa mapenzi, na Issa sikumuuliza, kwa sababu niliogopa jibu lolote kati ya hayo mawili.

Nimekukumbuka. Sijui kusema zaidi ya hapo. Nimekumbuka kelele zako asubuhi, harufu ya moshi na samaki, ulivyokuwa unakula umesimama.

Kesho saa sita. Wakitokea, nitashika ndoo nikapokee samaki kama kibarua mwingine yeyote. Wasipotokea, napanda boti. Nitaita jina la mama yako juu ya maji, kwa sauti yote niliyo nayo. Na wewe ukilisikia huko uliko, mume wangu, usisumbuke. Safari hii natafuta walio hai.

Lala.

Mkeo aliyekuapisha,
Mama Zawadi