Wasio Nacho

Baba Mbaluka,

Nimeenda Kajiado, nitarudi jioni. Kuku wape maji ya ndoo ya bluu, si ya mtungi.

Asubuhi ulifumba macho ukaombea chai: "Na wasio nacho, Baba, wapatie." Nalotuesha, aliyemaliziwa ng'ombe na huu ukame, alikuwa mlangoni na sufuria tupu, akibisha hodi. Ukaongeza sauti. Baada ya amina ukamwambia, "Tutakukumbuka kwa maombi."

Mzee wa kanisa mzima! Unamtuma Mungu hatua tatu kutoka kwa kiti chako? Hiyo si imani, ni uvivu wenye amina.

Unga wote nimempelekea. ~~Chapati zako mbili ziko kwa hotipoti.~~ Hizo pia nimempa.

Njaa ikikushika, piga magoti. Leo asiye nacho ni wewe.

Mama Mbaluka