Bafle za Papa Zagabe

Cyprien, usicheke. Nimejifungia mu toilette ya Papa Zagabe, baba ya mupenzi wangu Elodie, huku Nguba.

Si leo iko fête ya ndoa ya dada ya Elodie? Papa Zagabe aliniuliza: «Hugues, hii ka-ampli yako ya kukuza sauti itaweza bafle zangu, spika kubwa hivi?»

Mimi nikamujibu: «Papa, niko docteur ya muziki. Ampli ndogo haiwezi kuunguza bafle kubwa!»

KUMBE INAUNGUZA!! Sauti ilikuwa kidogo, nikafungua bouton ya ampli mpaka mwisho. Bafle ikaanza kukwaruza. Nikaiacha ikwaruze!

Bibi-arusi anaingia, bafle ikatoa moshi. Watu wakapiga makofi: «Eh! Hugues amepanga mpaka moshi ya mapambo!»

Nikainama kuwasalimia. Cyprien, NIKAINAMA!!

Papa Zagabe peke yake hakupiga makofi.

Sasa anagonga mulango, polepole: «Docteur, toka. Bafle moja imebakia muzima.»