Nguo ya Mama Ibaki Usoni

Dada Subilaga,

Ugonile? Najua huko uliko hakuna kulala wala kuamka, lakini wewe ulikuwa hunijibu neno mpaka nikusalimie kwanza. Haya, nimekusalimia. Mimi mzima. Kakao imebeba, na mpunga wangu wa Bujonde mwaka huu umesimama mpaka wenye bodaboda wanashuka kuutazama. Nilimwambia mnunuzi mmoja wa Kasumulu kwamba ng'ombe wangu alipotea humo ndani akatoka amenenepa. Ungekuwepo ungesema, "Ambakisye, punguza chumvi."

Hakuna tena wa kuniambia hivyo, dada. Wanacheka tu.

Nakuandikia kwa sababu ya picha. Tulipofungua sanduku lako kugawa nguo, mwanao Atupele aliikuta chini kabisa, umeifunga kwenye leso. Ni ile ya mkutano wa kanisa wa zamani, wazee mbele kwenye viti, vijana na akina mama wamesimama nyuma. Mchungaji alipoiona akataka ikuzwe, itundikwe kwenye kanisa jipya, na majina ya wote chini yake. Wakauliza, nani anawajua watu hawa? Nikajibu, mimi. Wote.

Unanijua. Shule niliiacha la sita kwa sababu mwalimu hakuwa na jipya la kunifundisha, lakini sura za watu wa Kyela hakuna wa kunishinda. Tukakaa pale ofisini kwa mchungaji, Atupele anaandika, mimi nataja. Majina niliyataja ya kweli, dada, naapa, kama ulivyonifundisha wewe. Chumvi niliitia pembeni tu. Yule mzee wa Njisi mwenye kofia nikasema alimchapa kiboko makofi pale mto Songwe, kiboko akakimbilia Malawi bila kibali. Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani.

Halafu kidole cha Atupele kikafika pembeni kabisa, kwa yule mwanamke aliyegeuka upande, kajivutia nguo usoni.

"Na huyu, Mjomba? Huyu naye alikula simba?"

Nikasema, "Huyo ni bibi yako. Huyo ni Mama."

"Mbona kajifunika? Alikuwa mgonjwa?"

Mgonjwa! Liliniuma neno lile. Kumbe hukumwambia, au ulimwambia akiwa mdogo akasahau. Ikabidi niwaeleze mimi, na safari hii sikucheka. Nikawaonyesha Babu, baba yake baba yetu, amekaa mbele na Biblia mapajani. Nikasema, zamani mkwe na baba mkwe hawaonani. Mama akisikia kikohozi cha Babu njiani, anaingia migombani mpaka apite. Jina lake hakulitamka hata siku moja, hata kwenye maombi. Siku ile mchungaji wao aliagiza kila mtu apigwe picha. Mama hakutaka kumkatalia mtumishi wa Mungu. Akasimama nyuma ya Babu, mbali, lakini akawaza kwamba picha ikitoka itapelekwa kwa Babu, naye ataushika uso wa mkwe wake mkononi autazame. Ndipo akajifunika. Ulinisimulia hayo tukianika kakao, ukamalizia, "Na mimi nilikuwemo humo, tumboni."

Yangeishia hapo ningekuwa na amani. Lakini fundi picha wa mjini Kyela, kijana mwenye kompyuta, akasema nguo ile inaharibu picha. Akasema anaweza kuiondoa na kuweka sura, akipewa picha ya mtu aliyefanana naye. Kanisa zima linajua nani alifanana na Mama. Atupele akatoa picha yako, ile ya harusi yake tuliyoitanguliza mbele ya jeneza.

Wazee wa kanisa waliokuwepo ofisini wakafurahi. Na mimi nilifurahi, dada, usinifikirie vibaya. Sura ya Mama sina. Alipofariki nilikuwa bado nabebwa. Nakumbuka mgongo wake, na harufu ya moshi wa samaki kwenye nguo zake. Nikijaribu kuiona sura, unakuja wewe. Maisha yangu yote nimemwona Mama kwa uso wako.

Lakini macho yangu yakarudi kwa Babu, pale alipokaa. Nikasema hapana, msimfunue Mama.

Ofisi ikaangua kicheko. Mzee wa kanisa akanishika bega: "Ambakisye! Wewe uliyemvusha kiboko mpakani bila kibali, leo unatukataza uongo?" Wakacheka tena. Neno la kweli moja nimelitoa baada ya miaka mingi, na hakuna aliyelipokea.

Atupele ndiye aliyeacha kucheka. Akaniambia taratibu, "Mjomba, mimi nataka nikiingia kanisani nimwone mama yangu. Ni vibaya?"

Wewe ungemjibu nini?

Tukaenda wote wawili kwa fundi, mvua inanyesha. Alikuwa amekwisha kuitengeneza. Umesimama pale, dada, na ule mwili wa Mama, na lile tabasamu lako la siku ya harusi ya Atupele, unacheka nyuma ya kisogo cha Babu. Nzuri kweli. Mtu asiyejua angelia kwa furaha. Mimi nilirudi nyuma hatua moja. Wewe umesimama pale, na aliyemo tumboni ni wewe.

Nikauliza, "Sasa Mama yuko wapi?"

Kijana akasema, "Si ndiye huyu, mzee."

Atupele akaitazama sana ile kompyuta. Machozi yakamtoka bila sauti, kama yako ulivyokuwa ukilia. Akasema, "Mrudishie nguo yake."

Njiani akaniambia maneno ya chini niyatunge mimi. "Lakini usitie kiboko humo." Nikayaandika kwa mkono wangu huu wa la sita: Mama Subilaga, amejifunika kwa heshima ya baba mkwe. Kwa hiyo umo, dada. Jina lako liko pale pale ulipokuwa siku ile.

Picha imetundikwa. Watu wanaisoma, wanaitikia kwa kichwa, wanapita. Mwanao hapiti. Anasimama kwenye ile pembe kila Jumapili, kisha anatoka kwa mlango mwingine asikutane na mimi. Sijui kama nilimlinda Mama au nilimnyang'anya mtoto wako uso wa mama yake. Wewe ndiye ungeniambia. Hilo ndilo linalonisumbua, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Nitamwendea Atupele. Nitampelekea mchele mpya, nitakaa kwake hata akininunia, nimsimulie wewe ulivyokuwa mpaka achoke kunisikiliza. Kwako nitatia chumvi kidogo, utanisamehe. Wale wengine pichani nitawatia nyingi. Lakini Mama, nakuahidi, sitamwongezea kitu, hata uso.

Ndaga fijo, dada yangu, kwa kunilea. Pumzika. Ukimwona, mwambie nguo yake haikuguswa.

Mdogo wako,
Ambakisye