Mstari wa Babu kwenye Jedwali la Mitumbwi

Mbinga, Jumanne usiku

Kosa ni langu, na bado linanikera. Nilipotengeneza hili jedwali la kuonyesha mitumbwi iliyotoka na iliyorudi, ninalolipachika kwenye kila tovuti ninayowaundia wavuvi, nilihitaji mstari mmoja wa mfano. Nikaandika jina la marehemu babu, na mbele yake: Hajarudi. Si uongo, ziwa lilimchukua kabla sijazaliwa. Halafu nikasahau kuufuta.

Leo nimelipachika kwenye tovuti ya mwalo wa Lituhi, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga. Mchana akanipigia Tekla, karani wa pale.

"Kaka, hakuna anayeshusha mtumbwi. Wameona kuna mmoja hajarudi, na huku hatuendi kuvua mwenzetu akiwa bado majini."

Nikamwambia ni mfano tu, nikaufuta. Mitumbwi ikashuka.

Jioni nikafungua tena kuhakikisha. Babu yupo, juu ya wote, na kisanduku chake kimebadilika: Amerudi.

Karani ndiye hubofya kisanduku hicho mtumbwi ukifika. Nikampigia Tekla. Anaapa hajagusa kitu. Umeme ulikatika tangu mchana na kompyuta imezimika.

Labda nilihifadhi vibaya. Labda kuna nakala ya zamani mahali fulani, au...

Nikampigia bibi, anaishi hatua chache kutoka mwaloni. Nilitaka nimsimulie tucheke. Shikamoo yangu aliiitikia kwa kunong'ona, na nilipomaliza hakucheka.

"Usimfute tena, mjukuu wangu," alisema. "Mwache kwanza. Anakula."