Nondo wa Ukurasa wa Kwanza

Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mwanetu Bi Maswali, ambaye ninapoandika haya amelala kifudifudi na miguu imejaa mchanga. Goti lako linaendeleaje? Bado unapanda ngazi za shule huku ukilitukana? Mama naye hajambo? Niombee radhi kwake, sijampigia simu tangu Jumanne. Sisi kwa afya hatuna neno, ila mabega yangu yameungua jua na usingizi bado ni wa kuvizia. Likizo ya mwenye mtoto wa miaka mitatu unaijua.

Najua unangoja habari za nondo, vipepeo wako wa usiku, kuliko za mabega yangu. Taa uliyonipa inafanya kazi vizuri. Kila jioni naiwasha juu ya ndoo, ndani napanga trei za mayai kama ulivyonionyesha, kisha naenda kumlaza mtoto. Kunapopambazuka, kabla ndege hawajaja kujipatia kifungua kinywa, tunageuza trei moja moja. Wamo wa rangi ya majivu, wamo wa rangi ya chai ya maziwa, na mmoja alikuwa wa kijani hadi mtoto akauliza kama ameiva. Yeye anashika penseli, mimi nashika kitabu chako cha picha, tunabishana. Siku ya kwanza nilihangaika nusu saa nikimtafuta kitabuni nondo mwenye bawa lililochanika, mpaka Bi Maswali akampuliza, akaanguka. Kumbe ni kipande cha gome. Mwenye nyumba, ambaye tunamwita Bi Funguo kwa kuwa hata kijiko hakitoki bila kufungua kufuli, alicheka hadi akakaa chini. Sasa kila akinikuta na ndoo huniuliza leo nimekamata kuni ngapi.

Kosa la pili utanisema. Siku tatu mfululizo niliandika nondo mkubwa mwenye madoa kama macho, nikaona kisiwa kizima kimejaa hao. Siku ya nne nikamtambua kwa ncha ya bawa iliyokatika. Ni yule yule. Nilikuwa namwachia hatua tano tu kutoka kwenye taa, naye anarudi. Mume wangu, mdogo wako, alikuwa akienda kuwaachia mbali, nyuma ya nyumba, chini ya majani, nami miaka yote nilidhani anakwepa kuosha vyombo.

Sasa yule wa ukurasa wa kwanza. Daftari lake unalijua. Tulipokuja hapa kwa fungate, alimchora nondo mdogo mweusi mwenye mstari wa shaba mabegani, na pembeni akaandika: hajulikani. Mkabishana miaka saba. Wewe ulimwambia angemchoma pini angekuwa na jina, yeye akakwambia kabati lako la wadudu ni makaburi yenye droo. Uliponikabidhi taa hii baada ya kumzika, uliniomba kitu kimoja tu, nimpate huyo, apewe jina la ndugu yako, lisipotee.

Jumatano alikuwepo, kwenye kona ya trei ya tatu. Nilimfunika kwa kikopo nikampeleka nyumba ya jirani kwa Daktari wa Wadudu, yule mtafiti uliyenielekeza kwake. Alimtazama kwa lenzi muda mrefu. Akasema kwa anavyojua hajawahi kuandikwa popote, lakini rangi hazitoshi. Sharti auawe, apasuliwe tumbo, viungo vya ndani vitazamwe kwa hadubini, ndipo apewe jina. Kumpa jina la marehemu hakuna shida kabisa, alisema. Alikuwa anatoka kikazi, akaniagiza nimweke kwenye friji mpaka jioni, baridi itamtuliza. Nikakupigia simu. Ulilia, wifi. Sikuwahi kukusikia ukilia, hata siku ya mazishi.

Jioni nikakupigia tena nikakwambia mtoto amefungua friji, amefunua kikopo, nondo ameruka. Ukasema mtoto ni mtoto, nisimchape.

Mtoto hakugusa chochote. Friji ya Bi Funguo ina kufuli kama kila kitu chake, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Nilikaa na nondo huyo mezani jikoni mchana ule. Alikuwa amekunja miguu, vipapasio vinatikisika polepole. Na maneno yale hayakunitoka masikioni, apasuliwe ndipo apewe jina. Tulishayasikia, mimi na wewe, kwenye benchi la wodini. Wewe ulisema ndugu yako afunguliwe, tumjue adui yetu. Ulisema kwa mapenzi, sikukulaumu wala leo sikulaumu. Wakamfungua, wakapata jina refu, wakatuandikia kwenye karatasi. Siku kumi na moja baadaye tulikuwa na karatasi tu.

Ambalo hulijui ni hili. Asubuhi ya upasuaji, ulipotoka kumfuatia nguo safi, aliniambia hataki. Alisema amechoka, jina la ugonjwa halimsaidii, nimrudishe nyumbani akalale na mtoto wake. Hakuwa anaweweseka. Akili zake zilikuwa timamu, hata aliniuliza kama nimekula. Nikamwambia nitazungumza na wewe. Uliporudi sikuzungumza. Nilimbembeleza, nikamtajia mtoto, nikamtajia Mama, mpaka akaomba kalamu akatia sahihi. Uliponiuliza mlangoni kama yuko tayari, nilikujibu yuko tayari.

Nilitaka jina kuliko nilivyotaka kumsikia. Mwaka mzima nimelimeza hilo na halishuki.

Kwa hiyo nondo nilimchukua nikampeleka mbali, nikamwacha chini ya majani. Daktari wa Wadudu nilimweleza ukweli wote. Hakunigombeza, alivua miwani tu, akasema huenda asimwone tena maisha yake yote. Najua nilichokunyima. Kwa huyo nondo siombi msamaha, wifi, akija tena kesho nitamwacha tena. Naomba msamaha kwa kumsingizia mtoto, na kwa kukuficha maneno ya ndugu yako. Yalikuwa yako pia. Huenda ungeyasikia ungenishika mkono tukamrudisha nyumbani. Huenda usingekubali. Sasa hatutajua, na hilo ni langu, si lako.

Tunarudi Jumamosi kwa boti ya mchana. Nitakuja kwako moja kwa moja na mizigo yangu. Ukitaka kunifokea, nifokee, nitakaa nisikilize mpaka umalize. Ukitaka kufunga mlango, nifungie mimi, lakini Bi Maswali mfungulie. Huyo anakuhitaji, na kila akiona nondo asiyemjua husema tumuulize shangazi.

Mama mpe shikamoo yangu. Hili la mwanawe usimwambie kwa simu, na usimwambie wewe. Nitamwambia mwenyewe, nikiwa nimekaa mbele yake.

Ni mimi wifi yako, ikiwa utakubali kuniita hivyo,

Mama Maswali